Chaki Ndani ya Kontena

Bahari mimi sijaiona.
Nimeiandika tu, mara elfu kadhaa,
kwenye kisanduku cha saba cha fomu:
Dar es Salaam, Durban, Beira, Walvis Bay,
majina ninayoyajua kama mtoto wa katekisimu
anavyowajua mitume:
kwa mpangilio, si kwa sura.

Ofisi yetu iko Kampemba, nyuma ya gereji
ambayo siku hizi inauza matairi tu.
Dirishani kuna bomba refu la kiwanda
na ule mlima mweusi wa makapi ya shaba.
Ukingo wa dunia ni Kasumbalesa.
Ng'ambo ya hapo ni sauti ya Chola Kapya, dereva,
saa tisa za usiku:
"Patroni, foleni haisogei. Leo siku ya sita.
Mbele yangu kamyo mia mbili
na mama mmoja anayeuza mayai ya kuchemsha."
Nami namjibu kwamba meli inafunga mlango Ijumaa,
kana kwamba nimewahi kuusikia
mlango wa meli ukifungwa.

Mwezi wa kumi na moja nilikosea.
Tarakimu moja. Sita nikaiandika tisa.
Lakiri mlangoni ikasema lake,
karatasi yangu ikasema lake,
na tani ishirini na tano za shaba
zikakaa bandarini siku kumi na tisa
zikilipa kodi ya kukaa, kama mgeni asiyeaga.
Meli ikaondoka bila zenyewe.
Bwana Mukalay hakupiga kelele.
Aliizungushia ile tisa duara jekundu,
akaiacha mezani pangu kama yai viza.
Mishahara miwili ikakatwa.
Odila akapika bukari na sombe,
kesho yake sombe na bukari,
wala hakuniuliza kitu,
na kule kutoniuliza ndiko kulikoniuma.

Mvua zilipokwisha, makontena matupu yakarudi
kwenye uwanja wetu wa njia ya Kipushi.
Kuyakagua ni hivi:
unaingia, wanakufungia,
unasimama gizani na kutafuta tundu.
Nuru ikiingia, maji yataingia.
Nilisimama. Giza lilinuka mchele na kutu
na kitu kingine, kichungu kidogo,
ambacho sikuwa na jina lake
nami sikutaka kukibatiza haraka.

Nikawasha simu.
Ukutani, usawa wa kifua,
mtu alikuwa amehesabu kwa chaki:
vijiti vinne, cha tano kikiwakata kiunoni,
vinne, kiuno, vinne, kiuno,
safu kwa safu, mkono wa mtu aliyezoea.
Halafu fungu moja lilikuwa na vijiti sita.
Akakiona. Akafuta kwa kiganja,
akaanza upya pembeni, taratibu zaidi.
Kiganja chake kilikuwa bado pale,
cheupe, vidole vitano,
na kidole cha shahada kifupi kuliko changu.

Nikaweka wangu juu yake.
Sijui ni bandari gani. Sijui walimkata mshahara gani.

Nje Ngosa akagonga bati kwa mpira wa maji:
"Mzee, umelala humo?"
Nikatoka. Kwenye fomu nikajaza:
Matundu, hakuna. Kasoro, hakuna.
Naye akaosha, maana ndiyo kazi yake,
na maji yakatoka yamechanganyika na maziwa kidogo,
yakaufuata mfereji.

Mfereji unaingia mto Lubumbashi,
Lubumbashi unaingia Kafubu, Kafubu Luapula,
hayo tulikaririshwa darasa la tano,
na Luapula, baada ya kuzunguka sana,
huifikia bahari kwa mlango mwingine kabisa,
bila lakiri, bila kisanduku cha saba,
bila sahihi yangu.

Simu ikalia. Chola.
"Patroni, tumesogea."
Kamyo ngapi?
Akanyamaza, akihesabu. "Tatu," akasema.
"Ngoja. Nne."
Nikamwambia ahesabu tena, asiharakishe.