Mita ya Kumi na Tisa

Preben Østerby hugonga kwa sarafu
ya kroni tano, ile yenye tundu katikati.
Mwaka wa thelathini na moja huu anayagonga
mabawa ya vinu vya upepo,
shingo upande, macho kayafumba,
kama mtu achaguaye chungu.
Ti, ti, ti: pazima.
Tu: pameachana ndani.

Hili la sasa halingoji sarafu.
Tumelilaza ukumbini, Jutland ya kaskazini,
shina limekazwa ukutani kwa boliti,
ncha inapandishwa, inashushwa, usiku na mchana.
Mkunjo wa milioni moja ulipita Jumanne
tukibishana nani kamaliza maziwa.
Ndani yake nyuzi za kaboni
zinapitisha umeme, mdogo
hata hauwezi kumtania kimulimuli.
Uzi ukivutwa, umeme unapita kwa taabu;
ukiachiwa, taabu inakwisha.
Taabu hiyo ndiyo naisoma,
kwa omu, zamu ya usiku.

Wahenga walituusia ufa na ukuta.
Hawakuutaja ufa ulio ndani ya ukuta,
usio na pa kuingilia jicho.

Saa tisa na dakika kumi na mbili.
Mita ya kumi na tisa, upande wa chini.
Namba inaruka. Nasimamisha mtambo.
Bawa linatulia, limenyooka, halina mzigo,
na namba hairudi.
Kwingine kote zimerudi sifuri,
maana kukunjwa husameheka.
Hapa pamekatika,
na kukatika kunabaki kwenye hesabu.

Namwamsha Preben. Anakuja na soksi tupu,
anagonga. Ti. Ti. Ti.
"Pazima."
Anagonga tena, anainama zaidi.
"Pazima, Ragnhild."

Sikio lake la kushoto, mwaka sasa, limelegea.
Najua: simu ya mkewe huihamishia kulia.
Hajamwambia mtu.
Nami sijauliza.

Asubuhi tukakata,
tabaka baada ya tabaka, vumbi jeusi puani,
na kati ya la saba na la nane
kamstari, kembamba hivi
hata nilidhani ni mkwaruzo wa kisu chetu.
Preben akavua miwani,
akaisugua kwa shati muda mrefu kuliko uchafu wake.
"Lenyewe ndilo lililosema?"
Lenyewe.
"Kabla ya kuulizwa?"
Kabla.

Akaigeuza sarafu, akanichungulia kwa tundu lake.
Akagonga meza.
Akagonga kikombe, kilichokuwa na kahawa ya jana.
Kisha akaileta juu, taratibu,
mpaka kando ya sikio, ule upande wa kushoto,
akaipiga kwa ukucha,
akasubiri.