Kidole cha Ganryo

Mchawi lazima amsaliti mfalme kabla ya saa tisa usiku,
kwa sababu saa kumi pikipiki inakuja kuchukua karatasi.
Hapa Nerima, ghorofa ya tatu, juu ya duka la dobi,
ninamchora Ganryo kwa mara ya ishirini na tatu
(jina lake kwa lugha yetu ni rangi, ile ya unga, kabla ya maji)
na kila mara ananitoka mbaya waziwazi:
nyusi kama kunguru wawili waliogombana,
ndevu za mzee ambaye hata mbuzi asingemwamini.
Agizo la mwongozaji liko ubaoni, kwa wino mwekundu:
Asicheke. Mtoto ampende mpaka tone la mwisho.

Mtoto ni Ibuki, miaka kumi, taji limemshuka masikioni.
Ganryo ndiye aliyemfundisha kusoma nyota,
kuwasha moto kiganjani bila kuungua,
kulala usingizi vita vikinguruma nyuma ya ukuta.
Sasa anampa bakuli la dawa ya kikohozi
na ndani ya dawa hiyo ufalme mzima unazama.
Maneno yake ninayo, yamechapwa pembeni:

    Kunywa, mwanangu, upone,
    kesho jua ulione,
    nikulinde, nikuone,
    usiniulize kitu.

Kikulacho ki nguoni mwako, sawa.
Lakini hakuna anayesema kwamba hicho hicho
ndicho kilichokufunga vifungo asubuhi ya baridi.

Nikaweka penseli chini. Nikamkumbuka Bwana Kurotaki,
mwaka wangu wa kwanza, theluji dirishani,
alivyoniletea andazi la maharage, bado linafuka moshi,
akalipuliza kwanza, nisije nikaungua ulimi.
Alinifundisha uzito wa mstari,
na jinsi bega linavyoondoka kabla mkono haujajua.
Michoro yangu mia mbili na arobaini ya farasi mtoni
ilitoka sinema nzima kwa jina lake.
Nilipomuuliza, alinimiminia chai.
Aligeuza kikombe ili upande usio na ufa unielekee mimi,
na kidole chake cha mwisho kikainuka kidogo,
kama mtu anayesikiliza mvua.

Hicho. Hicho ndicho.

Nikafuta nyusi. Nikapunguza ndevu.
Nikamwacha Ganryo ageuze bakuli polepole,
karatasi kumi na nane kwa mzunguko mmoja,
mpaka upande mzima ukamfikia mtoto,
na kidole kikainuka.
Ibuki akanywa. Hata mimi ningekunywa.
Hata mimi nilikunywa.

Ikaonyeshwa Jumamosi, saa saba usiku.
Jina langu lilipita mwishoni kwa upesi wa inzi.
Siku ya tisa ikafika postikadi kutoka Choshi,
mnara wa taa upande mmoja,
upande wa pili mwandiko unaotetemeka.
Hakuomba radhi. Hakusalimu.

Kidole umekiinua mapema.
Huinuka bakuli likishatulia,
mtu akishajua kwamba ameaminiwa.

Niliichana vipande vinne.
Nikaenda kunawa uso. Nikarudi.
Kisha nikawasha taa ya meza, nikavuta karatasi,
nikakichelewesha kidole kwa michoro mitatu,
nikaipeperusha kwa dole gumba, mara moja, mara mbili.

Alikuwa sahihi, mzee yule.

Nimeiweka kwenye droo, chini ya vifutio.
Ganryo anarudi sehemu ya ishirini na moja.