Fundi wa Macho

Lauscha, milimani Thuringia.
Miaka ishirini na sita napuliza macho ya watu:
la kushoto la mwashi wa Gera,
la kulia la binti aliyechomwa na uma wa kaka yake,
na moja la kasisi, rangi ya mvua ndani ya ndoo ya bati.
Mteja hukaa mbele yangu, moto ukinguruma katikati yetu,
nami nalichungulia lile lililobaki
mpaka nivijue vijishipa vyake
kama njia ya kwenda kwa mama.

Mganga hajigangi, sawa.
Lakini hata kujiona?

Aliyeniambia ni Bwana Ottfried, mstaafu wa reli,
aliyekuja kubadilisha la zamani.
Alinikodolea hilo moja alilobakiziwa, akasema:
"Fundi, mbona leo wewe ndiye uliyetumbua macho?"
Nikacheka.
Kioo cha ukutani hakikucheka.
Weupe juu ya mboni, weupe chini ya mboni,
kope zimerudi nyuma kama pazia lililokwama.

Dalili zilikuwepo. Nilizipa majina mengine.
Mkono uliotetemeka niliuita kahawa.
Moyo uliotimua mbio saa nane za usiku niliuita deni la benki.
Kilo tisa zilizopotea niliziita bahati,
nikanunua sketi.
Januari, theluji imefika dirishani,
mimi nimelala juu ya shuka natoka jasho,
Gerold kajiviringisha mablanketi mawili
ananiuliza taratibu nimekasirikia nini.
Nilikasirikia kijiko.
Nilikasirikia anavyomeza.

Bibi yangu Adelgunde alikuwa na rovu,
akilifunika kwa shela ya zambarau hata Agosti.
Udongo wa huku hauna madini joto, walisema,
na chumvi iliyotiwa madini hayo ilichelewa kupanda mlima.
Nikamwambia daktari kule Jena: hili ni la bibi, limenirudia.
Akakataa kwa kichwa.
"La bibi yako lilikuwa njaa. Lako ni uvamizi.
Askari wa mwili wako wameizingira tezi,
wanaipigia kelele: toa! toa! toa!"
Nayo, maskini, inatoa.

Vidonge, basi. Na karatasi yenye mstari mwekundu:
ukiumwa koo ukashikwa na homa,
usingoje Jumatatu, njoo upimwe damu leo hii.
Sigara niliiacha kwenye ngazi za hospitali, nusu yake inawaka.
Usiku nilibandika kope kwa plasta, maana hazikukutana tena,
na mafuta ya macho yalinionyesha Gerold katika ukungu,
mzuri kidogo kuliko alivyo.

Mwaka na nusu. Damu ilishuka, ikapanda, ikashuka.
Kisha kisu.
Niliamka nikamwomba nesi maji kwa sauti ya jogoo mzee.

Hakuna aliyenionya kuhusu kimya kilichofuata.
Mkono ulitulia, ndiyo, ukatulia mpaka ukawa mzito.
Nilisinzia nimeshika kikombe.
Nywele zilibaki kwenye kitana,
na Gerold, ambaye miezi ile yote alitamani nipoe,
sasa akanitafutia soksi za sufi, bila kusema neno.
Kipimo kikaongezwa kidogo. Kikaongezwa tena.

Macho yangu hayakurudi yote.
Siku moja nilichukua picha ya harusi
nikaanza kulipuliza lile la zamani, la kahawia,
nikafika kwenye mboni, nikalivunja ndani ya ndoo.
La nani hilo? Nani angelivaa?

Sasa kila alfajiri kidonge kimoja, kidogo kuliko punje ya dengu,
na maji matupu. Kahawa isubiri nusu saa.
Ndiyo nusu saa yangu bora.
Nawasha moto. Kuna mtoto wa Erfurt, Leberecht, miaka minne;
fuvu lake linakua, kila mwaka jicho jipya.
La mwaka jana alilipoteza mchangani, akatafuta, hakulia.
Navuta uzi wa kioo chekundu, mwembamba kama unywele,
naulaza juu ya weupe.
Mkono hautetemeki.

Kahawa inanukia.
Bado dakika nne.