Daftari la Chama cha Wakunga, Moshi

Bwana wa bima amekuja tena, na soda mbili baridi
na tabasamu la mtu aliyekwisha kupewa.
"Namba tu, Mama Katibu. Majina na namba."

Mvua imeshuka kutoka Kibosho, inapiga bati.
Kiganja changu kiko juu ya daftari.

Ukurasa wa tisa: Aikande,
namba imefutwa mara tatu,
kila alipohama usiku na watoto.
Chini yake Eliaichi, ada nusu,
na sababu aliyoninong'oneza mimi,
sikuiandika.

"Acha barua," nasema. "Jumamosi nitawasomea yote,
hata yale maandishi madogo ya mwisho.
Atakayekutaka atakupigia."

Ameondoka na soda zote mbili,
hata ile aliyokwisha kunifungulia.