Geuza, Tazama Kitako

Meriden, Konektikati. Theluji imechafuka barabarani.
Duka la mitumba la parokia liko chini ya kanisa,
lina harufu ya makoti ya marehemu na kahawa iliyoungua.
Mimi nakaa kwenye mashine ya pesa,
Halina Wojtkiewicz kwenye meza ya vijiko.

Vinamfikia kwa ndoo:
visu vya siagi, bakuli za sukari zisizo na vifuniko,
nyumba nzima zilizokufa zikamwagwa mezani.
Yeye hatazami uso. Uso, anasema, ni wa wageni.
"Geuza. Tazama kitako."

E, P, N, S: hicho hukitupa kushoto,
nikeli iliyovalishwa fedha, kanzu juu ya fulana iliyotoboka.
Birika moja limejisifu kwamba limepakwa mara nne.
"Mkweli," anasema, "haapi mara nne."

Sumaku anayo, ameifunga kwa uzi mfukoni mwa aproni,
ila haiamini. Sumaku hukamata chuma tu;
shaba na nikeli hupita mbele yake
kama wasafiri wenye vibali.
Nilipomwonyesha hila ya barafu,
jinsi inavyoyeyuka mbio juu ya fedha ya kweli,
aliangalia dirishani: "Barafu tunayo ya kutosha."

Anachoamini ni kidole gumba.
Hukipitisha mgongoni mwa kijiko,
pale kinapogusa meza, pale panapolika kwanza.
Pakiota umanjano, husema, "Huyu anavuja damu."
Fedha halisi ni muwa usio na fundo:
lika utakavyo, ndani ni ile ile.

Miaka ishirini na miwili alichovya kiwandani.
Vijiko viliingia pipani rangi ya jivu, vikatoka maharusi.
Maji yale yalikuwa na sumu;
kucha mbili za mkono wa kushoto hazijarudi.
Kwa hiyo akisema "kimepakwa" hasemi kwa dharau.
Siku moja alishika kijiko cha supu
muda mrefu kuliko kilivyostahili.
"Huyu nilimvika mimi,"
kisha akakirusha kwenye sanduku la senti hamsini.
Kikalia ta, kikanyamaza.

Leo aliingia kijana, koti la kazi, WILFREDO limeshonwa kifuani,
na chini ya jina hilo mtoto mchanga, amefungwa kwa mikanda.
Kizuri chajiuza, wanasema.
Kile kikombe hakikujiuza:
kililala kifudifudi chini ya trei ya bati,
cheusi kama sufuria ya kuni.
Akakipangusa kwa mkono wa koti. *Agatha, 1938.*
"Mama, hii ni fedha kweli?"

Sheria tunaijua. Halisi yote hupanda juu kwa padri,
kwenye kabati la kioo, ikapimwe kwa gramu.

Halina akakigeuza. Nilikuwa karibu, nikaliona neno
lililopigwa kitakoni, zima, herufi nane, bila kifupisho.
Akapitisha kidole gumba.
Akakigonga kwa ukucha, kikaimba,
kikaendelea kuimba,
hadi akakifunika kwa kiganja.

"Kimepakwa," alisema. "Dola mbili."

Nilipokea sarafu, nikazihesabu mara mbili bila sababu.
"Usikisugue sana," alikuwa akimwambia.
"Anywee maziwa kila siku. Midomo husafisha.
Anaitwa nani?"
"Yaritza."
"Agatha hatajali."

Mlango ukafungwa, baridi ikabaki kidogo ndani.
Halina akavuta ndoo nyingine.
Akaniuliza kama kahawa imebaki.
Imebaki, nikasema, chungu.
Na mpaka saa ya kufunga nilikuwa nikiugeuza ule uongo,
nikiupitishia kidole
pale panapolika kwanza.