Si Lazima

Chuo kimeandika: mtihani si lazima.
Ukipenda, leta alama. Usipopenda, basi.
Wamesema waliosema, hiari yashinda utumwa,
lakini utumwa ungeniambia nifike saa ngapi, niketi wapi.
Hiari imeniacha ndani ya gari, Mabela,
mbele ya mkahawa wa karak, injini inanguruma kwa ajili ya kiyoyozi,
nakodolea simu, nakodolea kitufe cha kulipa.

Riyali themanini na kitu. Mwisho saa sita usiku.
Nimezipigia hesabu: ni matairi mawili ya gari hili,
na moja limeshaanza kuonyesha waya.

Thuwaiba katangulia, yuko Glasgow, anatetemeka hata kwenye meseji:
"Mimi niliufanya. Nikapata. Hakuna aliyeniuliza."
Baada ya dakika: "Au waliniuliza kimoyomoyo, nitajuaje?"
Ahsante, Thuwaiba. Umenifaa sana.

Hesabu siziogopi. Namba hazina lafudhi.
Naogopa yale maneno, Kiingereza kilichovalia harusi,
ambacho wenyewe hukitoa kabatini siku ya mtihani tu,
kinanuka nondo.
Mimi naota kwa Kiswahili, naswali kwa Kiarabu,
na benki nagombana nayo kwa Kiingereza, na hushinda.
Ugomvi hawaupimi.

Mama nikimtajia mtihani huitikia, "Mungu atuvushe."
Kwake neno hilo lina maana moja, na haina kalamu.

Baba ndiye aliyecheka.
Mwaka aliotua kutoka Bujumbura, na sanduku moja na suti ya kaka yake,
ofisini Ruwi walimpa gazeti la Kiarabu alisome kwa sauti.
Mstari wa kwanza akaupita. Wa pili, kwa kuchechemea.
Wa tatu ukamkwamisha kwenye neno moja
ambalo analikumbuka hadi leo
na hataki kulitamka.
Wakampa kazi ya kusoma mita za umeme.
Miaka ishirini na sita, vichochoro vya Matrah, tochi mdomoni,
akinakili namba za nyumba za watu
kwa mwandiko ambao hakuna aliyewahi kuusahihisha.

"Ungeweza kukataa lile gazeti?"
"Hawakuniambia ukipenda," akasema,
akaendelea kumenya chungwa lake, ganda moja refu bila kukatika.

Kijana wa mkahawa amekuja kuchukua kikombe.
Ananyoosha kidole: moja tena?
Natikisa kichwa, ndiyo, tena, na sukari izidi.
Saa tano na dakika hamsini na moja.

Alama huenda wasiziangalie.
Huenda nisiwapelekee.
Nabonyeza.
Kuna neno linaningoja mahali fulani, mstari wa tatu,
na miaka yote hii nimekuwa nikiendesha gari kulizunguka.
Nataka nilione uso.

Tairi litavumilia hadi mshahara.