Mwimo wa Mlango

Kila Januari napaka chaki ya buluu
kwenye utepe wa chuma, naushusha kisimani
kwa Bi Verna Unruh, magharibi mwa Kansas,
naye husimama kando na koti la marehemu mumewe
kama mtu anayemngoja daktari
atoke nyuma ya pazia.

Kazi yangu haina maneno mengi.
Palipolowa, chaki hukolea. Nasoma. Naandika.
Mwaka wa kwanza: futi mia moja tisini na mbili.
Akaniuliza kwetu ni wapi. Nikasema Singida.
"Huko kuna mvua?"
Ipo, nikamwambia, ila ina maringo.
Akacheka mpaka akakohoa.

Kwenye mwimo wa mlango wa jikoni
kuna alama za penseli: Loren, miaka sita;
Loren, tisa; Twyla, kumi na mbili,
zikipanda hadi usawa wa kidevu changu.
Mwimo wa pili ni wa kisima,
kwa mwandiko uleule, zikishuka.
Watoto walirefuka, wakaenda Denver.

Hakuna aliyeiba. Nataka hili lieleweke.
Mkono wa chuma wa robo maili
ulizunguka usiku na mchana ukinyunyiza,
mahindi yakasimama ukuta, benki ikatabasamu,
na ile nyama tuliila sote, hata mimi.
Maji ya kale, ya kabla ya jina lolote,
yalipanda malori yakiwa ng'ombe.

Sasa shamba la kaskazini limelala.
Mchanga umeparamia seng'enge,
ndama wa jirani anaivuka kwa kutembea tu.
Bi Verna hulaza taulo zilizolowa chini ya madirisha,
hupanga vikombe kifudifudi
kama alivyofanya mama yake.
"Mama alisema lile vumbi lilikwisha."

Januari hii utepe uligonga chini.
Nikauvuta, mkono kwa mkono,
chaki ikarudi kama nilivyoipaka,
buluu ya mbingu ya saa nne asubuhi.
Nikaushusha tena. Adabu tu.

Hakuuliza.
Akachukua kipande cha chaki kiganjani mwangu,
akaingia jikoni, akachuchumaa
pale mwimo unapokutana na sakafu,
akakosa pa kuandika.

Kisha akasema, kahawa utakunywa?
Tukaitazama birika, wote wawili,
ikijazwa kutoka kwenye dumu.